Sanduku Lisilopigwa Msasa

Mtaani hakuna aliyemwita seremala yule kwa jina. Alikuwa Fundi Msasa, basi. Ukimpelekea kiti akukazie mguu mmoja, utarudishiwa kimelainishwa miguu yote, pamoja na ule upande wa chini ambao hakuna mtu atakayeuona mpaka kiti kipinduke.

"Sasa Fundi, huku chini unapiga msasa wa nini? Nani anapaona?"

"Mimi napaona."

Kwenye mfuko wa shati lake kila siku palikuwa na kipande cha msasa, kama watu wengine wanavyobeba kalamu. Hata siku ya harusi ya mdogo wake alionekana akiupitisha taratibu kwenye ukingo wa meza ya maharusi, hotuba zikiendelea, mpaka mkewe akamkanyaga mguu.

Binti yake wa pekee walimwita Kimya. Mama yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alizaliwa bila kulia, akawakodolea tu macho wote waliokuwamo chumbani, na tangu hapo maneno yakawa yanamtoka kwa shida, kama msumari ulioingia kwenye mbao ngumu. Chuoni alisomea ndege wa msituni. Alipomaliza akapata kazi kwenye kituo kidogo pembeni mwa msitu, safari ya asubuhi nzima kutoka nyumbani, na akaona Mungu amemkumbuka: kazi ya kukaa kimya, kutazama, na mshahara juu.

Aliokuwa akiwatazama ni kasuku. Si wale wakubwa wanaotukana wageni sebuleni. Hawa walikuwa wadogo wa msituni. Ukimshika mmoja kiganjani, ungebaki unaona mkia tu. Rangi yao kijani cha jani changa, paji la uso kama limepakwa chungwa, na mwendo wao juu ya tawi ulikuwa wa upandeupande, kama mtu anayejipenyeza kati ya magoti ya watu waliokwisha kaa. Zamani walikuwa tele. Kisha miti mikongwe ikakatwa, wawindaji wakawanasa waliobaki wakawauza, na sasa upande huu wa msitu palisalia jozi moja tu. Kimya aliwaita Bibi na Bwana. Bwana alikuwa mpole, wa kukubali kila kitu. Bibi alikuwa mkali, mwenye kuinua bega kabla hujamaliza kusema.

Shida yao ilikuwa nyumba. Kasuku hawa hawajengi viota; hutaga ndani ya tundu la mti mzee, na miti iliyobaki ilikuwa michanga, haina hata ufa. Bibi na Bwana walikuwa wamezunguka misimu kadhaa bila kutaga, kama wapangaji wanaofungiwa kila mlango.

Ndipo kituo kikaamua kuwatundikia masanduku. Kwenye kikao, mkuu wa kituo, mama mmoja mwenye kicheko kinachotangulia kufika kabla yake, aliuliza nani anamjua seremala mzuri.

"Baba yangu," Kimya akasema.

Wote wakageuka. Walikuwa hawajawahi kumsikia akisema kitu ambacho hakuulizwa. Kimya akaitazama meza mpaka masikio yakamchoma.

Fundi Msasa alipopata habari hiyo, alifanya kazi kama anayetengeneza kitanda cha bibi harusi. Masanduku yalipokamilika, hukuweza kuona ubao mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Yalikuwa na paa dogo la mteremko, bawaba za shaba, na tundu la mviringo ambalo kingo zake zilikuwa laini kama mdomo wa kikombe. Juu ya yote hayo, vanishi, ikakauka, ikarudiwa.

"Jamani," mkewe alisema, akijitazama kwenye ubavu wa sanduku, "hata mimi nahamia."

"Subiri zamu yako. Wapangaji wapo."

Kimya alifurahi mpaka akakosa la kusema, jambo ambalo kwake halikuwa geni.

Masanduku yalipotundikwa, Bibi alikuja siku hiyohiyo. Alitua juu ya paa, kucha zikakosa pa kushika, akateleza mteremko wote mpaka chini, mbawa zimefunguka, kama mtoto aliyekalia ganda la ndizi. Akapiga kelele ya aibu. Bwana, kwenye tawi, akatazama pembeni kama muungwana. Bibi akarudi, akaingiza kichwa tunduni, akakitoa upesi, akapangusa mdomo kwenye gome la mti, na huo ukawa mwisho. Kutoka siku ile walihamia kwenye gogo moja bovu lililosimama kando ya kijito, wakawa wanalitafuna tafuna. Lakini gogo lilikuwa jembamba. Tundu lao lilitobokea upande wa pili, na yai lingedondoka tu.

Mkuu wa kituo alimwita Kimya ofisini, akafunga mlango.

"Mdogo wangu, nakwambia wewe kwanza. Mvua zikianza kabla hawajaingia sandukuni, tutawanasa. Tuwapeleke kule mjini kwenye vizimba, wakatagie huko. Sipendi hata kidogo. Lakini nikiwaacha wakapita msimu mwingine hivihivi, Bibi atazeeka, basi tena."

Kimya aliitikia kwa kichwa. Alipofika nje alikaa kwenye ngazi, akamfikiria Bibi nyuma ya waya, hana wa kumwinulia bega ila ukuta.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo kwake lilikuwa zito kuliko hilo. Kila alipokwenda nyumbani mwisho wa juma, kabla hajavua viatu, baba yake alimuuliza: "Vipi, wapangaji wangu wameshaingia?"

"Wanayaangalia, Baba."

Haukuwa uongo kamili. Waliyaangalia, kwa mbali. Lakini Fundi alilichukua neno hilo akalisambaza mtaa mzima, mpaka kinyozi akamsimamisha Kimya njiani: "Kumbe baba yako siku hizi anajengea kasuku! Mwambie asisahau choo cha ndani." Kimya akacheka kidogo, akatembea haraka. Angani mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Siku hiyo mama yake alimkuta jikoni amesimama mbele ya birika lililokwisha chemka zamani.

"Una nini wewe? Uso kama umekalia yai."

Kimya akamweleza yote, kwa sauti ya chini, kipande kipande. Mama akazima jiko.

"Mimi simwambii."

"Mama, tafadhali."

"Mwanangu, nilishamwambia mara moja kwamba kabati lake haliingii mlangoni. Unajua alifanya nini? Alivunja mlango akaupanua. Nenda mwenyewe. Wewe anakusikiliza, kwa sababu husemi."

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba. Baba yake alikuwa amebana ubao kwenye jiliwa, anaupiga randa, maranda yakimwangukia miguuni kama nywele za mtoto. Kimya alisimama mlangoni muda mrefu hata baba akadhani amekuja kutazama tu, kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Baba. Hawaingii."

"Nani?"

"Kasuku. Wameyakataa masanduku."

Randa ikasimama. "Wamekataa nini? Bawaba?"

"Ni laini mno, Baba. Bibi anateleza. Na harufu ya vanishi, nadhani. Na mvua zikinyesha watawekwa kizimbani."

"Laini mno," baba alirudia, kama aliyeambiwa maji yana unyevu mno.

Alipanga vifaa vyake, akafagia maranda, akaingia ndani, akanywa chai yake akitazama ukuta. Kimya alilala akijuta. Lakini asubuhi alipotoka na begi lake kwenda kazini, alimkuta baba amekaa kizingitini, mkoba wa vifaa mapajani, kofia kichwani.

"Twende," alisema. "Nikawaone hao wakosoaji."

Kituoni Kimya alimpeleka kwenye kibanda cha majani wanachochungulia ndege, akampa darubini. Haikupita muda, Bibi na Bwana wakaja kwenye gogo.

"Ndio huyo? Huyo mdogo hivyo?"

"Sauti, Baba."

"Ameacha shaba!" alinong'ona kwa uchungu. "Ameacha shaba, anakwenda kwenye gogo bovu!"

Bibi alianza kazi. Alishika ukingo wa tundu kwa mdomo, akang'oa kibanzi, akakitupa nyuma bila kutazama, kikampata Bwana. Akang'oa kingine. Fundi Msasa akaikaza darubini machoni. Alitazama kwa namna Kimya aliyoijua, ile ya kumtazama fundi mgeni kabla ya kuamua kama ampe msumeno wake.

"Anakula mbao?"

"Hapana. Anachimba." Kisha maneno yakamtoka Kimya, mengi kwa mara moja. "Jike lazima autafune mlango wake mwenyewe, Baba. Hata akikuta tundu tayari, mpaka apunguze, apanue, amwage vumbi. Kule kutafuna ndiko kunakomfanya aone pamekuwa pake, ndipo anataga. Nilisoma hilo chuoni, nikafanyia na mtihani. Ila nilipoliona lile tundu lako lilivyo zuri, sikuwaza kabisa kwamba lingeweza kuwa zuri kupita kiasi."

Baba akashusha darubini. Hakumtazama binti yake, alitazama magoti yake mwenyewe.

"Kwa hiyo anataka kazi iliyoachwa nusu."

"Ndiyo."

"Sijawahi kuacha kazi nusu."

"Najua, Baba."

Walikuta mti ulioangushwa na upepo nyuma ya kituo, na Fundi akapasua mabanzi kutoka kwake, magome yakiwa bado juu. Alipigilia sanduku hapohapo, akipiga magoti chini, akiguna kila msumari ulipozama. Ubavu mmoja ulitokeza nje kidogo. Mkono wa baba ukapanda wenyewe mpaka kwenye mfuko wa shati.

"Baba."

"Nimeugusa tu."

Ndani ya sanduku alichanjachanja ubao kwa patasi, kutoka chini mpaka juu, ili siku moja makinda yapate pa kukwea. Kimya ndiye aliyemwelekeza, na baba aliichanja mistari hiyo kwa hasira ya mtu anayekwaruza meza yake mwenyewe. Mwisho lilikuja suala la tundu. Alitoboa kwa keekee tundu dogo, la kuingia mdomo tu, akaliziba kwa mbao laini iliyooza, aliyoitoa kwenye lile gogo la kijito. Akasimama, akalitazama, akafumba jicho moja.

"Mtu akikuuliza nani katengeneza hiki kitu, sema umeokota."

Walilitundika jirani na gogo, na baba akarudi nyumbani. Siku zikapita. Bwana alitua juu ya sanduku mara moja, akajikuna, akaondoka. Bibi alilipita kama asiyeliona. Mawingu yakashuka mpaka yakawa kama yamekalia vichwa vya miti, na asubuhi moja Kimya akiwa kibandani alisikia tone la kwanza, likafuatiwa na mengine, makubwa, ya kuchagua pa kuanguka. Nyuma yake pakasikika hatua. Alikuwa mkuu wa kituo, nyavu zimekunjwa kwapani. Leo hakuwa na kicheko.

"Ndiyo hivyo, mdogo wangu. Mvua ipungue kidogo, tuanze."

Kimya aliangalia zile nyavu. Akaangalia sanduku. Palikuwa na kitu cha kijani kimening'inia mbele yake, akadhani ni jani limebandikwa na maji.

"Ngoja," alisema.

"Tukingoja..."

"Ngoja, dada! Sikiliza!"

Alimkatiza mkuu wake, kwa sauti, na wala hakuona aibu mpaka baadaye. Kati ya matone ilisikika sauti ndogo, kavu, yenye bidii: kru, kru, kru. Jani lile lilikuwa mkia. Sehemu nyingine yote ya Bibi ilikuwa tayari imezama tunduni, na vumbi la mbao lilikuwa likimwagika chini yake kama unga. Bwana alisimama juu ya paa la magome, kucha zimeshika barabara, amelowa, ametulia.

Mkuu wa kituo aliziweka nyavu chini, akazikalia. Kicheko kikamrudia, akakiziba kwa viganja vyote viwili.

Kimya akatoka mbio kwenda kupiga simu.

"Baba! Anatafuna!"

"Anatafuna wapi? Upande wa juu au wa chini?"

"Kote."

"Vizuri, au anaparuza tu?"

"Vibaya sana, Baba. Ameupinda mlango wote."

Kisha akamsikia akipaza sauti mbali na simu: "Mama Kimya! Njoo usikie! Mpangaji anabomoa nyumba!"

Mvua zilipokatika, wazazi wake walikuja wote wawili. Fundi Msasa alikaa kibandani na darubini, akamnyima mkewe mpaka akafinywa. Tundu la sanduku lilikuwa limepinda kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino, na ndani yake vichwa vya makinda vilikuwa vikisukumana, kila kimoja kikitaka kiwe mbele. Bibi alikuwa pembeni yao, na alipomaliza kuwalisha alikata kibanzi kingine kidogo ukingoni, akakitupa.

"Bado hajamaliza," Fundi alinong'ona. "Unaona? Amekiona hicho kidogo kilichobaki. Nani mwingine angekiona?"

Mkono wake ukapanda mpaka kwenye mfuko wa shati, ukapapasa, ukapapasa tena.

"Msasa wangu uko wapi?"

"Uko nyumbani," mkewe akasema, akimpokonya darubini. "Niliutoa ulipokuwa bafuni. Nakujua wewe, ungepanda."

Alikana. Lakini Kimya, aliyekaa katikati yao, alikuwa amekwisha muona akiupima ule mti kwa macho, tawi la kwanza mpaka la mwisho.