Mashavu ya Stany

Mwanamume akikonda mjini Kolwezi, hakuna anayeiuliza baiskeli yake. Anaulizwa mke. Mujinga alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, maana mama mkwe wake, Mama Agnès, alikuja kila Jumapili baada ya misa, akaupima mkono wa mwanawe kwa vidole viwili, kisha akamgeukia yeye.

"Mutoto yangu anakulaka nini mu hii nyumba?"

Ungemjibu nini mama yule? Stany alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa, na kazi yenyewe inataka mtu awe mifupa na mapafu. Mujinga alieleza mpaka akachoka. Mwisho, kwa kuchoka kusutwa, akaenda soko la Manika akanunua dexa, vile vidonge ambavyo wanawake humeza ili mwili ujae. Akavisaga na kuvitia kwenye uji wa mumewe wa asubuhi, bila kumwambia. Mwezi haukuisha, mashavu ya Stany yakajaa, na Mama Agnès akamletea mkwewe kitenge kipya.

Hakujua kwamba waendesha baiskeli wamekatazwa dawa ile wakati wa mashindano. Alijua Stany alipopimwa mkojo baada ya mbio za Likasi, jina la dexa likarudi kwenye karatasi. Siku hiyohiyo aliitupa chooni pakiti iliyobaki. Hofu ni mshauri mbaya.

Wiki tatu alinyamaza. Mpelelezi wa shirikisho la baiskeli akaja kutoka Kinshasa, na kwa kuwa Stany hakujua dawa imeingiaje mwilini mwake, macho yote yakamgeukia Hénock, mkandaji wa timu. Huyo ndiye aliyeikanda miguu ya Stany miaka sita, na ndiye aliyewasimamia siku ya ndoa. Sasa ikasemwa atafungiwa kazi maisha yake yote. Mujinga aliona aibu hata kuitikia salamu ya mke wa Hénock sokoni.

Asubuhi ya kikao cha kusikiliza kesi hiyo akamweleza mumewe yote. Alitegemea kupigwa, au kufukuzwa. Stany akasema kwa sauti ya chini.

"Nilishasinye karatasi ya mpelelezi, Mujinga. Siku ya kwanza ya juma. Nilisema niliona Hénock na ile dawa."

Hakuwa ameona kitu. Aliambiwa tu kwamba anayemtaja aliyempa dawa hupunguziwa adhabu, naye alitaka kurudi barabarani kabla miguu haijazeeka. Sasa uongo wake ukijulikana, utahesabiwa kosa la pili, na hapo baiskeli aiuze. Akamwomba mkewe abaki nyumbani. Mujinga akajifunga kitambaa kichwani na kumfuata.

Kikao kilikuwa katika chumba cha hoteli moja ya Manika. Hénock alikuwa ameshafika, ameketi na mikono katikati ya magoti. Mpelelezi alimkaribisha Mujinga kiti, lakini yeye akabaki amesimama.

"Tata, ni mi njo nilitia dexa mu bouillie yake. Bwana yangu hakujua. Hénock hana kosa."

Mpelelezi aliandika, kisha akaomba pakiti. Haikuwapo. Akauliza jina la muuzaji. Hakulijua; ni mwanamke anayeuza mkekani, leo yupo, kesho hayupo. Akauliza nani alimwona akisaga. Hakuna, maana alijificha vizuri mno, na sasa ule uhodari wa kujificha ukamgeuka mwenyewe. Basi mpelelezi akaweka kalamu chini na kumuuliza Stany kama haya ni kweli.

Neno moja tu lingetosha. Stany alimtazama mkewe kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomkata Mujinga maini, maana ilikuwa ya uongo na haikuwa na tofauti hata kidogo na ile ya kweli.

"Muke yangu iko na roho muzuri, tata. Hénock alitusimamia mu ndoa. Anataka tu kumuokoa."

Mpelelezi akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu ambaye naye ana mke, akapiga mstari juu ya yote aliyoandika. Mujinga alirudia maneno yake, mara ya pili, mara ya tatu. Hakuna kalamu iliyonyanyuka.

Hapo Hénock akainua uso.

"Mi nakuamini, mama," alisema. "Lakini neno yangu haina nguvu humu. Ni mi njo bananishitaki."

Stany akamshika mkewe mkono, akampeleka nyumbani.