Maboksi Chini ya Kitambaa

Mimi ni muuzaji, na nasema hivyo bila kushusha macho. Nagonga mlango, nasalimia, naomba nguo yenye doa lililoshindikana, kisha naifua mwenye nguo akiangalia. Doa likitoka ananunua. Lisipotoka nabeba beseni langu naenda mlango wa pili. Sabuni hii imenilisha mimi na wanangu tangu baba yao alipofariki, kwa hiyo asije mtu kuniambia nimekuja kuitukana biashara ya mtandao, hii ya kuingizana watu. Niliingia kwa hiari yangu, na aliyeniingiza ni wifi yangu, dada wa marehemu.

Zamani Wifi naye aligonga milango. Tulikuwa tunagawana mitaa, yeye upande wa stendi, mimi upande wa soko, na jioni tunachekana nani kafukuzwa na mbwa. Baadaye mambo yakageuka. Kampuni ya sabuni ikaacha kuuliza umeuza nini, ikaanza kuuliza umeleta nani. Kila unayemwingiza ananunua maboksi ya kuanzia, na wewe unapata chako hapohapo, hata kama sabuni yenyewe haitagusa maji mpaka kiama. Wifi akaleta watu, akapanda vyeo, akaitwa Almasi. Kazi yake ikawa simu: asubuhi anatuma picha ya gari la mtu mwingine, mchana anatuma sauti ya kuwatia moyo "mabosi" wake. Mabosi wenyewe wanakopeshana vocha.

Mimi sikuleta mtu hata mmoja.

"Wifi, una mdomo wa kuuza hata jiwe," aliniambia siku moja sebuleni kwake, "halafu umekomaa na beseni kama dobi!"

Nilikuwa nimeegemea meza yake ndefu yenye kitambaa cha kufuma, na kitambaa kilikuwa kimepanda kidogo pembeni. Ile haikuwa meza. Yalikuwa maboksi ya sabuni, yamepangwa vizuri na chombo cha maua juu yake.

Ningeendelea kunyamaza kama si mdogo wangu. Ni msusi, ana saluni ndogo na madraya mawili ya kukaushia nywele, na vyote kavipata kwa vidole vyake. Akaja kuniambia kapata mtu wa kuyanunua. Wifi kamwahidi kwamba akiingia na maboksi mengi kwa mkupuo, ataanzia cheo cha Dhahabu.

"Na wateja wako utawakaushia kwa pumzi?" nikamuuliza.

"Dada, mgongo umenichosha. Nitakuwa na watu chini yangu." Akatabasamu. "Mnunuzi anakuja Jumatatu. Jumamosi kwenye semina ya kampuni nataka nikusikie wewe kwanza."

"Unisikie mimi nikisema nini?"

Kumbe Wifi alikuwa ameshanitangaza kwamba nitatoa ushuhuda. Nilipandwa na hasira mpaka nikaiacha chai ikaungua jikoni. Lakini sikukataa. Jumamosi nilifika mapema.

Wifi alinivalisha koti lake la suti, likanibana makwapani. "Sema umeacha kugonga milango, maisha yamebadilika. Basi. Usianze maneno yako."

Ukumbi ulijaa. Mdogo wangu alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Nikashika kipaza sauti.

"Habari zenu. Mimi nauza sabuni." Makofi. "Naomba kuona mikono. Nani wiki hii kamuuzia mtu ambaye hayumo humu, wala hataki kuingia, ana doa lake tu?"

Wakacheka, wakidhani ni utani wa kuanzia. Nikasubiri. Kicheko kikaisha na mikono ikabaki mapajani. Wengine wakaanza kuangalia viatu vyao.

"Haya. Nani humu ananunua sabuni hii na hajajiunga?"

Mkono mmoja ukapanda, wa mdogo wangu. "Mimi," alisema. "Nafulia taulo za saluni."

Wifi akaninyang'anya kipaza sauti. "Na leo anajiunga! Mpigieni makofi!"

Mdogo wangu akasimama. Akageuka, akautazama ukumbi mzima, mstari kwa mstari, mpaka kule nyuma.

"Hapana, wifi," alisema. "Mteja humu ni mimi peke yangu. Nikijiunga na mimi, nani atanunua?"

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilivua koti, nikalitundika kwenye mkono wa Wifi, na kwa sauti yangu isiyohitaji mtambo nikawaambia: "Mwenye maboksi yanayomnyima usingizi aniletee nyumbani! Nitayauza, doa kwa doa!" Tukatoka, mimi na mdogo wangu, tumeshikana mikono. Semina iliendelea kwa maneno gani, sijui wala sina haja.

Jumatatu mnunuzi wa madraya alikuta vichwa viwili vya wateja viko chini ya madraya hayo, akaondoka. Kwangu walikuja wanawake na maboksi kichwani, mmoja mmoja, kila mmoja akiomba nisimwambie mwenzake.

Wa mwisho alipitia mlango wa uani. Hakuwa na suti. Alikuwa amekumbatia boksi moja, anahema.

"Yako mangapi?" nikamuuliza.

"Meza yote," alisema Wifi, na machozi yakamtoka.

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Badala yake nikaingia ndani, nikatoa beseni la pili, nikamkabidhi.

"Upande wa stendi ni wako," nikamwambia. "Na mbwa bado wapo."