Sauti Kabla ya Mpira wa Pili

Mume wangu Idwal Bebb alizaliwa Llanybydder, magharibi ya Wales, na mimi ni Mwingereza wa Kettering. Katika miaka thelathini na mitano ya ndoa, Kiwelisi changu hakikuvuka kuomba chai na kuwapa watu pole msibani. Nalisema hili mapema kwa sababu siku ile nilikaa naye bega kwa bega, nikamsikia kwa masikio yangu akisema, na sikuambulia kitu.

Lowri Gethin alitoka kijiji jirani na cha kina Idwal. Baba yake, Meurig, alikuwa fundi wa matrekta. Alimfundisha tenisi kwenye maegesho ya kiwanda cha maziwa, mistari kaichora mwenyewe kwa chokaa. Idwal hakuwahi kuonana nao, ila alimpenda yule binti kama mtu anavyompenda mpwa wake aliyefaulu. Picha zake alizibandika mlangoni mwa banda letu la bustani. Lowri akishinda, siku hiyo hata mimi napikiwa.

Mwezi Machi wa mwaka ule Meurig akafariki. Mwezi Juni Lowri akaja kucheza mashindano ya viwanja vya nyasi katika mji mmoja wa pwani ya kusini, nasi tukanunua tiketi. Habari za msiba alizijua kila mtu, maana runinga haikuacha kuzisema. Kila mechi yake, kamera ilikitafuta kile kiti ambacho baba yake alikuwa akikaa, ikakikodolea macho kikiwa kitupu, kisha ikarudi usoni kwa binti kuona kama atalia.

Siku hiyo hakulia. Alikasirika. Alikuwa anapigwa na msichana wa Kibelgiji ambaye wakati mwingine angemmaliza kwa saa moja. Aliitupa raketi chini, akabishana na mwamuzi, akaipiga teke chupa yake ya maji. Watu wakaanza kuguna. Bwana mmoja wa mstari wa mbele yetu, mwenye kofia ya majani makavu, akageuka na kuiona skafu ya Idwal yenye joka jekundu la Wales.

"Huyu ndiye binti yenu?" akasema. "Huko kwenu hamfundishani adabu, ni kuimba tu?"

Wenzake wakacheka, maana Wawelisi husifika kwa kuimba. Idwal naye akacheka, lakini niliiona shingo yake ikiiva.

Lowri akaanzisha mpira wa kwanza, ukagonga wavu. Akadundisha wa pili, nafasi yake ya mwisho kwa pointi ile. Wanaoujua mchezo huu wanakijua kimya kile. Watu elfu tatu wamebana pumzi, na hata mtoto mchanga unaweza kudhani kaambiwa anyamaze. Ndani ya kimya kile Idwal akasema. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayemwonya mwenzake kanisani, maneno sita au saba, na nililoshika ni jina la Lowri tu.

Lowri akasimama na mpira mkononi. Hakututazama sisi. Alikitazama kile kiti kitupu ng'ambo ya uwanja, akakaa hivyo muda ambao mwamuzi aliuona mrefu, akamwita. Akaanzisha, mpira ukatoka nje kwa mita nzima. Hapo akaipiga raketi chini mara tatu hadi ikabaki kipini, akachukua mpira mwingine na kuupiga kwa mkono wa kushoto bila kuangalia, ukamfikia mwamuzi wa mstari kwenye koo. Yule mama akaanguka. Lowri akatolewa mashindanoni, akaondoka bila hata mkoba wake.

"Ulimwambia nini?" nikamuuliza Idwal tukielekea kwenye gari.

"Nilimtia moyo."

"Haikusaidia," nikasema, na nikacheka. Nilicheka kweli.

Jioni ile runinga ilirudia tukio mara kumi na moja, nilihesabu. Raketi polepole, koo polepole, uso wa Lowri polepole. Watangazaji wawili walikuwa wakiongea wakati Idwal aliposema, kwa hiyo kwenye kanda hamna kitu ila sauti zao. "Hakuna aliyemchokoza," mmoja akasema. "Uwanja mzima ulikuwa kimya kama makaburini."

Jumanne iliyofuata, kwenye klabu yetu ya tenisi, hapakuwa na hadithi nyingine. Barbara Stobbs, mweka hazina wetu, alikuwa na yake tayari.

"Zamani mtu akikosa pointi aliinama akafunga kamba za kiatu," akasema. "Siku hizi akikosa, sote tunajua matusi ya kwao."

"Zamani walitukana vilevile, mama," akajibu Clive Tranter, anayekata nyasi zetu. "Ila vipaza sauti vilikuwa mbali. Kama kamera ingekufuata wewe siku ile ulipopigwa na yule bibi wa Corby, ungekuwa jela sasa hivi."

"Mimi sikumpiga mtu kooni."

"Ulikosa shabaha tu."

Tukacheka. Idwal hakuwa amekuja. Alisema goti linamuuma. Nami, nikiwa nimechochewa na Barbara, nikarudi nyumbani na kuandikia kipindi cha maoni ya watazamaji. Niliandika kwamba nilikuwepo, kwamba niliona kwa macho yangu, kwamba hakuna mtu aliyemfanya lolote yule binti, na kwamba watoto wetu wanatazama. Wakaisoma barua yangu yote. Nilimwita Idwal aje asikie jina langu. Alisimama mlangoni hadi mwisho, akatoka bustanini, na kesho yake nikakuta mlango wa banda hauna hata picha moja.

Lowri alifungiwa miezi minane. Alirudi, akapoteza mechi saba mfululizo, nyingi kwa kuutoa nje mpira wa pili, akaacha tenisi akiwa na miaka ishirini na minne.

Idwal hakuacha kutazama, lakini namna yake ya kutazama ilibadilika. Mchezaji akijiandaa kuanzisha mpira na watu wakinyamaza, alishika rimoti akaizima sauti. Mpira ukishapigwa, akairudisha. Fikiria mechi ya saa tatu kwa mtindo huo. Nikimwuliza, ananiambia kimya kile kinamchosha. Halafu nikaanza kumkuta mchana, mapazia yamefungwa, hedifoni masikioni, mwili umeinamia runinga, kanda ya Lowri inaenda na kurudi palepale. Nilidhani masikio yamekufa. Nikampeleka kupimwa. Kijana wa vipimo akasema mzee anasikia vizuri kuliko mimi.

"Sasa unatafuta nini mle?" nikamwuliza njiani.

"Sitafuti kitu. Nahakikisha tu kwamba hakimo."

Sikumwelewa, na kusema kweli sikutaka kumwelewa. Kulikuwa na kitu kimehamia nyumbani kwetu nami nilikizunguka kama samani. Miaka ikaenda hivyo, tisa.

Idwal alikuwa na desturi ya kusikiliza redio ya kwao Jumapili baada ya chakula, kwa Kiwelisi, akikausha vyombo. Jumapili moja ya Februari nikasikia sahani ikiwekwa chini kwa taratibu mno. Nilipotazama, alikuwa ameketi, kitambaa cha vyombo mapajani, machozi yanamtoka wala hayafuti. Redioni mwanamke alikuwa akiongea.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Lowri Gethin."

Nikangoja. Mwanamke alipomaliza wakapiga muziki, naye akaizima redio.

"Anasema siku ile alimsikia baba yake," Idwal akasema. "Anasema alisikia wazi, kwa Kiwelisi, kabla ya mpira wa pili. Aliitazama kanda yote asimpate. Mama yake akaitazama, daktari akaitazama. Basi akajua ni marehemu. Anasema hajawahi kumsikia tena, ila kila akishika raketi anamsikia akivuta pumzi aseme."

Nilikuwa na buli mkononi. Nikaliweka.

"Ulimwambia nini, Idwal?"

Akanitajia kwanza kwa lugha yake, kisha kwa yangu. "Lowri mwanangu, baba yako angekuonea aibu." Kwao kuna neno dogo wanalomwitia mtoto wa kike wanayempenda, na alikuwa amelitia mle, kwa mazoea tu, kama anavyowaita wapwa zake. Meurig naye, Lowri alisema redioni, alimwita hivyohivyo.

Tulibishana wiki tatu. Mimi nilisema aachwe. "Pengine sauti ile ndiyo kitu pekee cha baba yake alichobaki nacho. Utamnyang'anya?"

"Sauti ile haikumwambia neno jema, Hazel," akasema. "Ilimwambia anamuaibisha. Unataka aende nayo hadi kaburini?"

Mwishowe nikachukua ufunguo. Nikaendesha gari mimi hadi Wales.

Tulimkuta Lampeter, kwenye ukumbi wa michezo anakofundisha watoto baada ya shule. Ilikuwa asubuhi, watoto hawapo, yeye yuko peke yake anaokota mipira ya jana. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele kazikata. Alidhani tumeleta mjukuu kuandikishwa. Idwal akavua kofia, akamwambia kwa Kiwelisi sisi ni kina nani, kisha akaendelea kuongea, na mimi sikuhitaji kutafsiriwa, nilimtazama yule binti usoni. Mwanzo alikuwa na subira ya mtu aliyezoea wageni wa ajabu. Kisha subira ikaondoka.

"Watu wengi wamenijia na hadithi zao," akasema kwa Kiingereza, kwa ajili yangu nadhani. "Mmoja alidai yeye ndiye raketi. Sema, basi. Sema kama ulivyosema."

Idwal akasema.

Lowri akafumba macho. "Rudia."

Akarudia. Ukumbi ule ulikuwa na mwangwi, neno la mwisho likazunguka juu kwenye mabati kabla ya kuisha.

"Tena. Geuka ukutani."

Idwal akageukia ukuta, mzee wa miaka sabini na moja, kofia mkononi, akayasema mara ya tatu. Lowri akashusha kikapu cha mipira.

"Ndiyo," akasema. "Ni wewe."

Akanigeukia. "Na wewe, bibi, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Niliandika barua kwenye runinga."

"Ile ya watoto wetu wanatazama?"

"Ile."

"Nilikuwa kwa mama, tunakula," akasema. "Mama aliinuka akaizima."

Nilimwomba radhi. Hakusema imekubaliwa wala imekataliwa. Alianza tena kuokota mipira, mmoja mmoja, na alipofika wa nne au wa tano akasimama, mgongo kwetu.

"Miaka tisa nimengoja aseme jingine," akasema. "Hata moja tu, jema. Nilikuwa nakuja hapa mapema, nazima taa, nadundisha mpira mara nne kama siku ile, nangoja. Niliona ni haki yangu. Baba hawezi kuondoka na lile likawa la mwisho." Akautupia mpira kikapuni. "Na sasa sijui. Naona kama kafa leo."

Idwal akamwanza kwa Kiwelisi, kwa sauti ya chini. Sijui alitaka kusema nini. Lowri akainua mkono.

"Hapana, mzee wangu. Tafadhali. Ukiniambia lolote, niambie kwa Kiingereza."

Idwal akafunga kinywa. Sidhani kama alikuwa na chochote cha kumwambia kwa Kiingereza. Baada ya muda Lowri akatusindikiza mlangoni, akatuonyesha njia fupi ya kutokea barabarani, akasema mvua inakuja. Hakutukaribisha tena.

Niliandika barua nyingine kwa kile kipindi, nikaeleza bila kumtaja mume wangu wala kilichosemwa, ila tu kwamba mtu alimsemesha yule binti na kwamba mimi nilisema uongo bila kujua. Wakanishukuru kwa kuwa mtazamaji mwaminifu. Juni ilipofika, mechi ziliposimama kwa mvua, wakaonyesha vituko vya wachezaji vya miaka iliyopita, na raketi ikavunjika tena polepole. Kwenye klabu Barbara akatikisa kichwa. "Na hakuna hata aliyemgusa," akasema. Clive alinitazama akingoja nicheke. Nikawaambia alikuwepo mtu aliyemsemesha, nilimsikia. Barbara akasema kwa upole kwamba tukizeeka tunakumbuka mengi.

Idwal sasa hazimi tena sauti ya runinga. Anakisikiliza kile kimya hadi mwisho kama watu wengine. Lakini tangu Lampeter sijamsikia akitamka Kiwelisi. Redio ya Jumapili haifunguliwi. Dada yake Menna akipiga simu kutoka Llanybydder, anamjibu kwa Kiingereza, taratibu, akitafuta maneno kama mgeni, na yule mama wa miaka themanini anahangaika kumfuata.

Jumapili iliyopita Menna aliomba nipewe simu mimi.

"Wifi, kaka yangu nimemkosea nini?" akaniuliza.

Nikamwambia hajamkosea kitu. Idwal alikuwa jikoni, anakausha vyombo. Nilisikia ameacha kukausha, anatusikiliza.