Nimekusikia Ukisali

…na la Roho Mtakatifu, amina, na kabla amina haijapoa mdomoni mkono wa Justa ulikuwa umeshatambaa juu ya shuka kuitafuta simu, ukaikuta, ukaigeuza uso juu, saa tisa na dakika moja, walioangalia stetasi yake ni thelathini na wanne na Deo hayumo, Deo bado hayumo, haya rudi kwenye sala wewe mwanamke, saa ya Huruma hii, saa ambayo Bwana alikata roho msalabani, nawe unahesabu watu… akaifunika simu, akafumba macho, magoti yakamlalamikia juu ya saruji, maana leo hata mkeka hakuutandika, alitaka kuumia kidogo, alidhani maumivu yataishika akili isitoroke, lakini akili ya Justa siku hizi ni mbuzi aliyezoea shamba la jirani, unamfunga asubuhi, adhuhuri yuko kwenye mahindi ya watu. Baba wa milele, ninakutolea… na kundini wanamsubiri, Jumuiya ya Mtakatifu Ana, Masuguru, watu hamsini na sita kwenye simu na saba kwenye benchi, ndivyo tulivyo siku hizi, zamani jumuiya ilizunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi, leo kwa Serafina, wiki ijayo kwa mzee Kaleb, mnakaa mkekani, mnaimba, mnakunywa chai ya tangawizi, mnasengenyana kidogo kwa upendo, mnaagana, sasa rozari ya saa tisa inasaliwa kwenye simu, yeye kama katibu anaanza kwa voisi, wenzake wanajibu kwa vile vikatuni vya mikono iliyounganishwa, mmoja yuko sokoni Manundu anachagua nyanya, mwingine yuko Kilole kwenye foleni ya maji, amina, amina, amina, simu inalia kama bati lililopigwa na mvua, naye peke yake chumbani anasema moyoni, ee, niko na watu. Uongo. Hakuwa na mtu. Tangu mumewe Yordani azikwe nyumba hii inaosha sahani moja, kikombe kimoja, na jioni akishafunika cherehani hana wa kumwambia hata kwamba sindano imevunjika.

Lakini Deo yuko wapi leo… maana huyo mtoto, huyo mmoja tu aliyembakia, hampigii, hamwandikii, hamwamkii, mwezi wa kumi na moja sasa, ila kila asubuhi anaangalia stetasi, Justa anaamka saa kumi na moja na nusu, hata mswaki bado, anatafuta aya, anaiweka juu ya picha ya maua, na haifiki saa kumi na mbili jina linajitokeza kwenye orodha ya walioangalia, Deo Pampu, jina la kazi, fundi wa pampu za maji huko Chanika, Handeni, saa moja na nusu tu kwa Kosta, na ungedhani yuko Ulaya… hicho ndicho alichobakiwa nacho cha mwanawe, jina kwenye orodha, analiona, anashukuru, ndipo anakwenda kuwasha jiko. Leo jina halikutoka. Saa kumi na mbili halikutoka, saa nne halikutoka, shona sare, kagua simu, shona, kagua, mpaka akaunga mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, fundi wa miaka thelathini, aibu gani. Pengine bando limekwisha. Pengine simu imetumbukia kisimani, kazi yake si ndiyo hiyo, kuinamia visima. Pengine pikipiki… Mungu apishe mbali. Au amechoka, na hilo ndilo aliloliogopa tangu asubuhi, amechoka kuangalia, amelifunga na hilo dirisha dogo, basi, mimi sasa ni mama wa nani?

Simu ikatetemeka kitandani, Deo, ni Deo, akaipindua, si Deo, ni mzee Kaleb, Katibu, leo vipi, tumekaa mkao wa sala, na chini yake vikatuni vya mikono vimeshaanza kabla ya sala yenyewe, akaweka kidole kwenye alama ya kipaza sauti, akakitoa, hawezi, sauti yake mwenyewe imemtia hofu tangu mwaka jana, hapana, si tangu mwaka jana, tangu leo, mwaka mzima ameitumia vizuri tu… ilikuwa saa tisa kama hii, siku moja baada ya Deo kuja na habari zake, akakaa pale sebuleni na viatu vyake vyenye tope la Handeni, akasema, mama, nimepata mchumba, anaitwa Zamda, wa hapo hapo Chanika, baba yake mkulima, watu wazuri mama, tutafunga ndoa Bomani, kila mmoja abaki na dini yake, na yeye akaenda jikoni kupuliza mkaa ambao ulishakolea, akapuliza mpaka machozi yakamtoka, akayasingizia moshi, aliporudi mtoto kashaaga ukuta na kuondoka. Kesho yake wakati wa nia, kila mwanajumuiya anataja nia yake, huyu mguu, huyu mtihani wa mtoto, yeye akabonyeza akasema, ndugu zangu wapendwa, nina nia nzito, mwombeeni mwanangu Deogratius, amenaswa na binti wa huko Handeni, kafumbwa macho, hajitambui, tumwombe Bwana azikate hizo kamba, huyo binti amwachie mwanangu… dakika mbili na sekunde kumi na mbili, katikati akalia, na alipomaliza, Bwana unajua, maana ulikuwepo chumba hiki hiki, aliisikiliza tena, akaona kilio kimetoka vizuri. Amina hamsini na tano. Hajawahi kupata amina nyingi kiasi kile, hata msiba wa Yordani haukufika arobaini, watu ambao hawakumpigia hodi tangu matanga walimwandikia, pole mama, jipe moyo mama, vita ni vya Bwana, na usiku ule alilala usingizi mtamu kama aliyekula harusini.

Mama Deo! Mama Deo weee! Sauti ya Shamsia ikapenya dirishani, jirani wa ukuta kwa ukuta, kuku wamevamia makopa yako huku! Nakuja, akajibu, asinyanyuke, muhogo wenyewe ukiliwa uliwe… Serafina hakuwa na ubaya, hilo alimsamehe zamani, Serafina aliichukua ile voisi akampelekea dada yake Handeni, tuzidi kumwombea, dada akaiweka kwenye kundi la kwaya yao, tuzidi kumwombea, mwanakwaya akampelekea shoga yake wa dukani, maana nia ya sala ikishaingia kwenye simu haina mlango wa kuizuia, na wote hao walisali, hakuna aliyesengenya, ndiyo ajabu yake, umbea ungeona haya ukasimama mahali, sala haikusimama, siku ya nne ikafika kwa Sadala, kaka yake Zamda, akaibonyeza sebuleni kwao bila kujua ni nini, watu wamekaa chakulani, baba yupo, mama yupo, Zamda ameshika birika ananawisha watu mikono, na kati ya walionyoosha mikono kunawishwa yumo Deo. Jioni akapiga. Shikamoo mama. Marahaba baba, hujambo? Kuna pikipiki inapita upande wake. Nimekusikia ukisali, mama. Yeye akaanza, mwanangu, uchungu wa mwana… na Deo akamkatiza, mara ya kwanza katika maisha yake kumkatiza mama yake, akasema, ungenisema kwa Mungu peke yake ningevumilia. Akakata. Ndoa alikuja kuiona kwenye stetasi yake, shati jeupe, mtandio wa buluu, cheti cha Bomani kimeshikwa na mikono miwili, akaitazama mara arobaini mpaka saa ishirini na nne zilipoisha ikajifuta, na simu kwa wema wake ilimwonyesha Deo jina la mama yake mara moja tu.

Nimewaswaga, we maliza tu kusali! Shamsia tena, na vicheko vyake, na kanga yake inayopiga piga upepo nyuma ya dirisha. Asante mama Maryamu… Maryamu, binti wa Shamsia, ambaye Justa mwenyewe alimfumia sweta la kwanza, aliyempokea kwa mikono hii siku mkunga alipochelewa, Ramadhani zote hizi sahani haijakosa kuvuka ule ukuta, tambi, kunde za nazi, na Krismasi pilau linavuka kurudi, sasa mtu angeshika simu akalia dakika mbili na sekunde kumi na mbili kwamba huyo Maryamu ni kamba, amwachie mtoto wa watu, akalipeleka neno hilo mpaka likamkuta Maryamu amesimama na birika mbele ya baba yake… ningemfuata mpaka kwake, ningempigia hodi kwa mguu. Na Shamsia je, aliisikia? Masuguru hii ndogo, asiisikie? Ameisikia. Ameisikia tangu mwaka jana na bado ananiswagia kuku. Justa akaegemeza paji la uso kwenye ubao wa kitanda na ubao ulikuwa wa baridi. Alihesabu aya zake. Hiyo ya kuheshimu baba na mama aliiweka mara sita, ya kondoo mmoja aliyepotea mara nne, ya mwana mpotevu hakumbuki ni mara ngapi, alibadilisha maua tu, na kila alipoona Deo ameangalia alijisemea, neno linamchoma, linafanya kazi, atarudi, na mdomo ukaanza kutabasamu wenyewe… miezi kumi na moja mtoto anakuja kuchungulia kila alfajiri kabla hajala, na hujiulizi anachungulia nini? Maua? Fundi wa pampu anataka maua ya nini? Alikuwa anakuja kuangalia kama mama yake ameshasema nimekosa. Neno moja. Angeliandika hata bila maua. Anakuja, anakuta katundikiwa aya, anaondoka, kesho anakuja tena, subira yote hiyo kaitoa wapi, ya babake bila shaka, si yangu, na mimi nimekaa humu najiona ndiye baba wa huyo mwana mpotevu, mzee wa watu anayengoja barabarani, kumbe aliyetoka nyumbani ni mimi, nimetoka zamani, natembea na simu.

Simu ikatetemeka, ikatetemeka, Katibu uko salama, Katibu tunaanza bila wewe? Hakuigusa. Mikono ilitaka, aliisikia ikitaka, akaiunganisha kwa nguvu mpaka vidole vikauma, akasema, sasa nitasali, kweli kweli, akaanza kwa sauti, ee Bwana, tunakuja mbele zako alasiri hii… akanyamaza. Tunakuja. Nani na nani? Akaangalia chumba, kitanda, ndoo, koti la Yordani kwenye msumari. Hata kwa Mungu anazungumza kama kuna watu nyuma yake, hata ule mtetemo wa sauti ameuleta, wa kufurahisha wasikilizaji, akajaribu tena, ee Bwana, tuna… hapana, akajaribu tena, na ilikuwa vigumu kama kutembea bila viatu baada ya miaka mingi, nimekuja. Niko peke yangu. Hakuna aliyejibu amina, na kimya hicho kilimtisha, kilikuwa kikubwa kuliko chumba, angetoa chochote mtu mmoja atume japo kikatuni, lakini alikaa ndani yake, magoti yakiuma, akasema alichokuwa nacho. Nilimsema mtoto wa watu. Sikuwa nakuomba wewe, nilitaka wanihurumie, na walinihurumia, nilikwishalipwa. Deo kama hajaangalia leo amefanya sawa… hapana, si sawa, naumia, usinifanye niseme uongo hata humu, naumia sana, Bwana, namtaka mwanangu. Halafu akavuta pumzi akasema, na mkwe wangu, na neno likamshangaza lilivyotoka kirahisi baada ya kukaa mwaka mzima, na mkwe wangu Zamda, naye nakuomba umpe… akasita. Ampe nini? Akatafuta. Kama analala vizuri, hajui. Kama ana mimba, hajui. Kama mama yake ni mzima, kama mahindi yao mwaka huu yameota, kama alilia siku ile akiwa na birika au alijikaza mpaka jikoni, hajui, mwaka mzima amemtaja huyu mwanamke mbele za Mungu na hajui hata kitu kimoja cha kumwombea, kundini amina za rozari ya watu wengine zilikuwa zimeshaanza kulia, na Justa akabaki amepiga magoti vile vile, akijua kwamba itabidi kwanza amuulize Zamda mwenyewe.