Neno Moja Katika Ripoti

Anuar alikuja Jumatatu na ripoti ya mhandisi. Nyumba ninayopanga Mji Mkongwe aliiacha marehemu baba yake, na yeye anataka kuifanya hoteli.

"Shikamoo, Mzee Kificho."

"Marahaba."

"Mhandisi keshasema, ukuta wa nyuma utaanguka. Mwisho wa mwezi muwe mshatoka, wewe na Bi Mwatima."

"Nipe nisome."

"Ya Kizungu, mzee."

"Kizungu nimekisoma miaka minne, kila siku baada ya Isha, na mchana napaka chokaa nyumba za watu."

Bi Mwatima, mke wangu, akacheka jikoni. "Mpe na miwani yake, asije akaisoma kwa pua!"

Nikazisoma kurasa zote tatu, kisha nikaweka kidole penye neno "perhaps".

"Na hili?"

"Neno tu hilo."

"Hili ni labda. Ameandika ukuta labda unasogea, upimwe kwanza. Mhandisi kakiri kuwa hajui. Wewe umeliruka."

"Labda, hakika, yote mamoja. Ukimwangukia Bi Mwatima?"

Hapo alinichoma. Ufa wa ukuta huo wa nyuma nilikuwa nimeuona, na kitanda chetu kiko upande uleule.

Nikakoroga chokaa, nikabandika vipande vitatu vyembamba kukatisha ufa, nikaandika tarehe kwa penseli. Ndivyo mafundi wa chokaa tunavyouuliza ukuta: ukisogea, kibandiko kinapasuka.

"Kikipasuka hata kimoja mwezi huu, funguo nakuletea mwenyewe," nikasema. "Visipopasuka, hutonambia tena nitoke. Tia sahihi hapa ukutani."

Akasita. "Na kama labda havipasuki?"

"Ehee! Sasa umeanza kulijua neno."

Akatia sahihi, kwa hasira.

Kitanda tulikihamishia ukumbini. Mvua ilinyesha wiki mbili, na kila alfajiri, kabla ya chai, niliutazama ukuta. Bi Mwatima akinitazama mimi uso.

Siku ya mwisho ya mwezi Anuar alirudi na mhandisi mwenyewe, Bi Sumaiya. Mama huyo akapitisha ukucha juu ya vibandiko vyote, taratibu, akarudia tena kile cha chini.

"Havina hata mstari," akasema. "Ukuta haujasogea."

"Una hakika?" Anuar akauliza.

"Kwa mwezi huu, ndiyo."

"Umesikia, mzee? Mwezi huu tu!"

"Nimesikia," nikamjibu. "Na vibandiko siviondoi. Njoo kila mwezi uvitazame, mlango tutakufungulia sisi."