Amri kwa Kisukuma

Sameer alimtoa Mbuke kwenye timu yake mbele ya ukumbi mzima wa gemu za kompyuta pale Kagongwa. "Dada, unatuangusha. Kacheze na watoto," alisema, na watu wakacheka. Kwa miezi miwili Mbuke hakutaka kingine ila kumwona Sameer naye akichekwa mle mle.

Akakusanya watu watatu wasiojua gemu: Nkwabi, Ndaki na Blessing. Kila jioni aliwafundisha. "Msitawanyike. Mmoja akipigwa, wote mgeukie huko. Na wa kwanza kumuua ni yule anayewaongezea wenzake damu."

Jumamosi timu yake na ya Sameer zikakaa ukumbini zikitazamana. Raundi ya mwisho, wakiwa sare, Mbuke akapaza sauti kwa Kisukuma: "Twendeni wote darajani!"

Nkwabi akamwinamia. "Dada, Sameer anakijua! Amekulia dukani kwao, anawauzia wakulima kila siku."

"Ndiyo maana nimepaza sauti," Mbuke alinong'ona. "Pitieni nyuma ya ghala."

Sameer alitabasamu, akawakimbiza wenzake darajani. Mwongeza damu wao, mwenye mwendo wa polepole, akabaki nyuma peke yake karibu na ghala, na wanne wakamwangukia kwa pamoja. Bila yeye, waliobaki walikufa mmoja mmoja, Sameer akiwa wa mwisho. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Umenidanganya, Mbuke!"

"Nani alikwambia usikilize ya wenzako?"

Sameer akainamisha uso. "Basi turudie."

Moyo wa Mbuke ulitaka kumhurumia. Akaukatalia.

"Kesho," alisema. "Na uje na watazamaji wengi zaidi."