Masikio Mazima

Ukitaka kujua watu wanakusemaje, usingoje kufa, maana maiti husifiwa hata na adui zake. Uwe kiziwi. Kiziwi husemwa huku anatazamwa, husemwa huku anapakuliwa chakula, na anayemsema hata sauti hapunguzi. Haya Fundi aliyajua kwa miaka miwili, na hakuna aliyemuuliza ameyajuaje.

Kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe, kwa ajili ya cherehani iliyokaa barazani kwake na sare za shule zilizoning'inia hapo mwaka mzima. Na uziwi wake ulianza kwa haki kabisa, tusimsingizie. Alishikwa na mafua mabaya, masikio yote mawili yakatoa usaha, dunia ikanyamaza kimya. Cherehani ilikimbia chini ya mguu wake bila sauti. Mumewe, mtunza ghala, akazoea kumgusa bega na kumwandikia vikaratasi. Wifi yake, dada mkubwa wa mume aliyehamia pale baada ya kufiwa, hakuandika kitu. Yeye alipiga kelele siku mbili tatu, akachoka.

Kisha usaha ukakauka. Asubuhi moja wako mezani wote watatu, Fundi akasikia kijiko kinagonga kikombe. Kikagonga tena. Moyo ukamruka! Akajisemea, ngoja kwanza nihakikishe, nisije nikawapa furaha ya bure. Na katika kule kungoja, wifi akasema, huku anamimina chai, kwa sauti ileile ya kuulizia sukari:

"Huyu angempeleka yule mtoto hospitali mapema, leo ungekuwa na kijana wa kukuzika."

Mume hakuinua kichwa. "Najua, dada. Ni kuvumilia tu."

Ni kuvumilia tu! Hebu sikia. Yule mtoto alikuwa wao wa pekee, na alikufa akiwa na miaka sita. Sikio lake la kulia lilikuwa likitoka usaha kwa muda, kisha nyuma ya sikio pakavimba, sikio lenyewe likasukumwa mbele, mtoto akawaka homa. Fundi alishamvika viatu, wako mlangoni wanatoka. Mume alikuwa anajiandaa kwa safari ya kazi, na ni yeye aliyekaa kwenye kiti cha cherehani akamvua mtoto vile viatu kwa mkono wake. "Sikio tu hilo. Mtoto gani hajawahi kutoka usaha? Subiri nirudi." Wifi, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, ndiye aliyepasha mafuta ya kudondoshea sikioni. Fundi akasubiri, kwa sababu siku hizo alikuwa bado mke wa kuambiwa subiri akasubiri. Mume aliporudi alikuta msiba.

Tangu hapo hawakulizungumza. Fundi alidhani mume anajua alichofanya, na akaona kunyamaza ndiyo njia ya kumsitiri. Kumbe mwenzake naye, miaka yote hiyo, alijiona yeye ndiye anayemsitiri mke!

Basi Fundi akameza chai yake, akabaki kiziwi. Watu watauliza kwa nini hakuipindua meza siku ileile. Waulize tu, meza si yao. Alitaka jambo moja: kwamba siku moja mwanaume huyu, akidhani hakuna masikio karibu, aseme kweli. Aseme, mimi ndiye niliyemvua viatu. Amwambie dada yake, amwambie rafiki, amwambie hata paka wa jirani. Fundi angesikia, na angemsamehe siku hiyohiyo. Aliapa hivyo moyoni, na alimaanisha.

Akasubiri. Alisubiri huku akiitwa gogo. Alisubiri huku wifi akiwaambia wageni kwamba kaka yake bado ana nguvu, angeweza kuoa mke anayesikia. Sufuria likianguka nyuma yake, hageuki. Radi ikipasuka, yeye anatunga uzi kwenye sindano. Mtaani wakasema kweli masikio ya Fundi yamekwenda na hayarudi.

Kilichomponza ni nta ya mzee mmoja. Kwenye zahanati aliletwa tabibu mpya, mwanamke kijana, wa masikio, macho na ngozi vyote kwa pamoja, maana zahanati ndogo haina anasa ya kugawa mwili kwa watu wengi. Tabibu huyo akamtoa mzee wa jirani bonge la nta sikioni, na mzee akaanza kusikia hadi yasiyomhusu. Mume wa Fundi akarudi nyumbani na kikaratasi: KESHO TUNAKWENDA. LABDA NI NTA TU. Wifi akasema naye anakuja, nani amwachie kaka yake mzigo ule peke yake?

Kwenye benchi la nje ya chumba walikaa watu wa kero za kila namna. Mtoto mwenye mapunye kichwani, amenyolewa nusu. Msichana aliyejipaka krimu ya kujichubua mpaka mashavu yakababuka, amejifunika mtandio. Dereva mwenye jicho jekundu, analifikicha kwa kitambaa ambacho hata gari asingelifutia. Mlango ulikuwa wazi, na Fundi, macho yake ukutani, alisikia kila neno la ndani.

"Acha kulifikicha, kaka. Linawasha au linauma?"

"Linawasha, daktari."

"Mwanga unakuumiza? Unaona vizuri, au kuna ukungu?"

"Naona vizuri tu."

"Haya. Kuwasha nitakupa dawa. Lingekuwa linauma na huoni vizuri, leo hii ungelala hospitali kubwa. Na hicho kitambaa kitupe."

Ikawa hivyo kwa kila mmoja. Ilianza lini, wapi, nyumbani kuna mwingine mwenye hali hiyo? Mtoto wa mapunye aliulizwa analala na nani, na mama yake akaambiwa awalete na wadogo zake. Fundi akafikiri, huyu si wa kutazama na kuandika tu. Huyu anauliza. Akaanza kumwogopa.

Zamu yao ilipofika, tabibu aliwazuia mume na wifi mlangoni. "Nyinyi mtasubiri nje kidogo. Nikipima masikio nataka utulivu." Akafunga mlango.

Alianza na sikio kwa nje. Akalivuta taratibu, akabonyeza mfupa wa nyuma yake. Fundi alijua vidole vile vinatafuta nini, vinatafuta ule uvimbe. Machozi yakamlenga. Tabibu akaandika kwenye karatasi: PANAUMA? Fundi akatikisa kichwa. Hapakuwa na uvimbe kwake. Uvimbe ulikuwa umezikwa zamani, na mwenyewe.

Akammulika kwa kitochi chenye mdomo mwembamba, kulia, kisha kushoto. "Nta hakuna," alijisemea. "Ngoma ya sikio nzima. Kovu dogo, basi." Halafu, nyuma ya mgongo wa Fundi, akaangusha trei ya chuma sakafuni. Mshindo ulimtoa mtu kule nje kwenye benchi akauliza kulikoni. Fundi hakupepesa hata jicho. Miaka miwili ya sufuria si mchezo.

Ndipo tabibu akamvika vile vya kusikilizia vya mashine, akamwonyesha karatasi. FUMBA MACHO. UKISIKIA MLIO SEMA NDIYO. USIPOSIKIA SEMA HAPANA.

Kazi gani ngumu hapo? Fundi akafumba macho. Ukaja mlio mwembamba, wa mbali. "Hapana," akasema. Ukaja mwingine, mdogo zaidi. "Hapana." Ukahamia sikio la kushoto, ukalia mara moja kama mbu aliye chumba cha pili. "Hapana," akasema kwa uhakika. Pakapita kimya kirefu, na Fundi naye kimya. Mlio. "Hapana."

Akafumbua macho, na kabla tabibu hajatamka kitu akaona mwenyewe alipojikwaa. Loo! Kiziwi angejuaje ni saa ngapi aseme hapana? Mjanja wa miaka miwili, ameanguka kwa swali la mtoto wa chekechea.

Tabibu alimvua mashine, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Hakucheka, wala hakukasirika.

"Mama, masikio yako yanasikia kuliko yangu."

"Usimwambie," Fundi akasema.

"Wanakutesa nyumbani?"

"Hakuna anayenipiga, mwanangu. Ni hadithi ndefu, na wewe una foleni."

"Siwezi kuandika kwamba husikii. Nitakuwa nimedanganya, na watakuzungusha hospitali kwa hospitali kwa ugonjwa usiokuwapo."

"Andika ukweli, sikukatazi. Ila kabla hujaandika, mwite ndani. Muulize kama nilivyokusikia ukiwauliza wenzangu. Muulize kama nyumbani kuna mwingine aliyewahi kuumwa sikio. Muulize nikiwepo, ajibu akidhani sisikii. Ukishasikia jibu lake, sema lako."

Tabibu akasimama. "Swali hilo ningeliuliza hata hivyo," akasema, akaenda kufungua mlango.

Mume akaingia, kofia mkononi, na wifi nyuma yake bila kualikwa.

"Ni nta, daktari?"

"Tutafika huko, mzee. Kwanza nisaidie. Katika familia kuna mwingine aliyewahi kupata tatizo la masikio?"

Mume akashusha pumzi. "Tulikuwa na mtoto. Alitoka usaha, akavimba nyuma ya sikio. Tukampoteza."

"Poleni sana. Alichelewa kufika hospitali?"

Fundi alikuwa anatazama lile bango la herufi za kupimia macho, mikono yake mapajani. Moyo ulimwenda mbio mpaka akaogopa kwamba wao ndio watakaousikia. Sasa, baba. Hapa hakuna jirani, hakuna ukoo, kuna mgeni mmoja tu na gogo. Sema sasa.

"Mama yake huyu ndiye aliyechelewa," mume akasema. Alisema kwa upole, kwa huruma hasa, na upole ule ndio uliomkata Fundi maini. "Mimi nilikuwa nasafiri. Nikamwambia kabla sijaondoka, mpeleke mtoto hospitali. Akasema ana sare za watu, shule zinafunguliwa. Simlaumu, daktari. Alikuwa hajui."

"Nilikuwepo," wifi akadakia. "Tulimbembeleza mno."

"Ulimvua viatu," Fundi akasema.

Fundi akageuka, akamtazama mumewe usoni.

"Alikuwa na viatu miguuni, tuko mlangoni. Sikio la kulia, limesukumwa mbele hivi. Ukakaa kwenye kiti changu, ukamvua kimoja, ukamvua cha pili, ukasema sikio tu hilo, subiri nirudi. Na wewe wifi ukapasha mafuta kwenye kijiko. Mlimbembeleza nani? Hebu niambieni, mlimbembeleza nani?"

Akangoja. Alidhani mumewe atalia, au atakana, au atamwomba waende nje wakazungumze. Lakini mume alikuwa anautazama mdomo wake tu, si yaliyotoka mdomoni.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema ni kuvumilia tu."

Ikaonekana wazi usoni mwake jinsi anavyorudi nyuma, siku kwa siku, chai kwa chai, anakumbuka aliyoyasema mbele ya mwanamke huyu. Kisha akapata pa kukimbilia.

"Miaka miwili! Nimekuandikia vikaratasi miaka miwili kama mjinga! Nimekuombea dua! Daktari, umemwona? Huyu ni mtu kweli?"

"Njia ya mwongo fupi," wifi akasema, akapiga makofi. "Sasa aliyeweza kutudanganya mezani kila siku ya Mungu, ndiye wa kuaminiwa habari za marehemu? Thubutu!"

Fundi hakukana. Maana hilo moja lilikuwa kweli, alidanganya. Wao uongo wao uliuzidi wake mara mia, ulikuwa na kaburi ndani yake, lakini haukuwa na shahidi. Wake ulikuwa umepimwa kwa mashine dakika chache zilizopita, na tabibu yuko hapo.

Akamgeukia huyo tabibu. "Mwanangu, mtoto akivimba hivi nyuma ya sikio, mama gani atachagua sare?"

"Uvimbe huo ni hatari, mama. Yeyote aliyemwona alipaswa kumkimbiza." Tabibu aliinamisha macho. "Lakini nani alisema nini siku hiyo, mimi siwezi kukupimia."

Mume alishavaa kofia yake. Alitoka bila kuaga, wifi akamfuata, na kule kwenye benchi sauti ya wifi ikaanza kueleza watu tangu mwanzo. Jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao, mmoja hakuona haya kusema kwa nini.

Vikaratasi vikaisha, na maneno nayo yakaisha. Kaka na dada huzungumza jikoni, mlango umefungwa, na wakija mezani huinamia sahani. Fundi yeye hanyamazi. Kila siku, wakishanawa mikono, anaanza. Sikio lilikuwa la kulia. Anaeleza uvimbe, anaeleza homa, anaeleza viatu, kimoja na cha pili. Hapandishi sauti. Mume anatafuna, anamwomba dada yake chumvi, na hageuki.